Jina la Tomaso

Yako majina ya watu ambayo, kwa kutajwa sana, yameacha kuwa majina ya watu yakawa majina ya tabia. Mtu mwovu na mkatili twamwita firauni, wala hatukumbuki tena kwamba hicho kilikuwa cheo cha wafalme wa Misri. Mjanja asiyeshikika huitwa Abunuwasi, ingawa Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi mkubwa wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid, na sifa yake kwa Waarabu ni mashairi yake, wala si kumlaghai jirani kwa habari ya sufuria iliyozaa. Msaliti huitwa Yuda. Na mtu asiyesadiki aambiwalo, atakaye kwanza aone kwa macho yake, huitwa Tomaso. Wakiwa wengi huitwa akina Tomaso, kana kwamba ni ukoo mmoja wenye mlango wake na mzee wake.

Jina hili lasikika kila mahali nchini Kenya. Mhubiri hulitumia kanisani. Mwanasiasa hulitumia jukwaani, awashindapo kwa maneno wale wasiosadiki kwamba barabara itajengwa. Mchuuzi wa dawa hulitumia sokoni, na shabiki wa mpira hulitumia kwa mwenzake kabla ya mchezo. Hata mtu asiyewahi kufunua Injili analijua. Lakini angalia jambo moja: aghalabu ni jina la kuitwa, si la kujiita. Na yule ajiitaye hivyo husema kwa kicheko, kama mtu anayekiri kilema chake kabla wengine hawajakitaja.

Basi yafaa tuulize maswali mawili. La kwanza, je, mzee wa ukoo huu alilistahili jina alilopewa? La pili, ambalo ni zito zaidi, je, kutoamini mpaka uone ni kosa?

Na tuanze na mzee mwenyewe. Tomaso ni neno la Kiaramu lenye maana ya pacha. Wayunani walilitafsiri wakamwita Didimo, na Biblia ya Kiswahili nayo yaeleza kwamba aliitwa Pacha. Waarabu humwita pacha tau'am, na sikio lolote laweza kusikia kwamba maneno hayo mawili ni ndugu. Pacha wake alikuwa nani, Injili haisemi. Kwa hiyo jina lake la asili halina habari ya shaka hata kidogo. Shaka aliongezewa na watu waliokuja baadaye.

Injili tatu zamtaja katika orodha ya mitume, zikaishia hapo. Ni Yohana peke yake aliyetupa habari zake, na habari hizo si moja. Ya kwanza ni ya siku ambayo Lazaro alikuwa amekufa huko Bethania, karibu na Yerusalemu. Kwenda huko kulikuwa hatari, kwa kuwa siku si nyingi kabla yake watu wa sehemu zile walitaka kumpiga Yesu kwa mawe, na wanafunzi wakamkumbusha jambo hilo. Yesu aliposhikilia kwenda, ni Tomaso aliyewageukia wenzake akawaambia waende wote, wakafe pamoja naye. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mtu huyu tunayemtaja kuwa mfano wa wasioamini! Hakuna mtu aendaye kufa pamoja na mtu asiyemwamini.

Ya pili ni ya usiku wa karamu ya mwisho. Yesu aliwaambia wanafunzi kwamba anakwenda, nao wanaijua njia. Wote walinyamaza. Tomaso peke yake alisema kwamba hawajui aendako, basi wataijuaje njia? Mimi ni mwalimu, na swali hilo nalipenda kuliko mengi. Katika kila darasa wako wanafunzi 40 wanaotikisa vichwa kuonyesha kwamba wamefahamu, na yuko mmoja anayenyosha mkono akasema hakufahamu. Wale 40 humcheka, kisha hutega masikio ili wasikie jibu, kwa kuwa nao walikuwa wakilihitaji.

Ya tatu ndiyo iliyomponza. Jioni ile Yesu alipowatokea wanafunzi wake baada ya kufufuka, Tomaso hakuwapo. Walipomwambia kwamba wamemwona Bwana, alisema hatasadiki mpaka aone alama za misumari mikononi, atie kidole chake mahali pa misumari, na mkono wake ubavuni. Baada ya siku 8 Yesu alikuja tena, akamwita aguse. Tomaso akakiri palepale. Injili haisemi hata kwamba aligusa. Kidole tukionacho katika picha mashuhuri ya Caravaggio, kilichozama katika jeraha mpaka kifundo cha kwanza, kilitiwa na mchoraji mwanzoni mwa karne ya 17.

Sasa tuwe waamuzi wa haki. Wale wenzake 10 waliamini kwa nini? Luka asema kwamba wanawake walipotoka kaburini wakawapa habari, mitume waliyaona maneno yao kuwa ya upuuzi, hawakuwasadiki. Na Yohana asema kwamba jioni ile, kabla Tomaso hajawa pamoja nao, Yesu aliwaonyesha mikono yake na ubavu wake, nao wakafurahi. Basi Tomaso aliomba nini zaidi ya kile ambacho wenzake walipewa bila kuomba? Wote walikuwa akina Tomaso, ila yeye alikuwa na bahati mbaya ya kutokuwapo siku ya kwanza, na ujasiri wa kusema kwa sauti. Ni kweli kwamba Yesu aliwataja kwa heri wale wasioona wakasadiki, na Mkristo hana ruhusa ya kulipita neno hilo mbio. Lakini mtu aliyeomba kuona alionyeshwa. Hakufukuzwa, wala hakuvuliwa utume.

Wasomaji wangu Waislamu watakumbuka kisa kinachofanana na hiki katika sura ya Al-Baqara. Nabii Ibrahimu alimwomba Mungu amwonyeshe jinsi awafufuavyo wafu. Akaulizwa kama haamini. Akajibu kwamba anaamini, lakini ataka moyo wake utulie. Naye akaamriwa atwae ndege wanne. Ibrahimu hakuna anayemwita mwenye shaka. Huitwa rafiki wa Mungu.

Kwa nini, basi, jina la Tomaso limekuwa tusi? Nadhani ni kwa sababu tumewatia watu wawili katika kanzu moja. Lugha yetu ina maneno ya kuwatenga, tukitaka. Kuna shaka, na kuna dhana. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, yakakaa kwetu muda mrefu hata yakawa wenyeji. Mwenye shaka ni mtu asiyejua, naye anajua kwamba hajui. Moyo wake umesimama njia panda, wangoja alama. Mwenye dhana mbaya amekwisha kufika. Yeye amekata shauri, naye hatafuti ila kitu cha kutilia nguvu shauri lake. Ndiyo maana Kurani yawaonya waumini juu ya dhana nyingi, kwa kuwa nyingine ni dhambi. Nyuma ya hao wawili kuna wasiwasi, neno ambalo kwa asili lina maana ya kunong'ona, nalo lasikika hivyo hasa, was-was, kama mdudu aliyeingia sikioni usiku. Lakini wasiwasi ni ugonjwa, na mgonjwa hapimwi kwa mizani ya maadili, namwacha. (Na wanafunzi wangu watanisamehe nikisema pia kwamba maneno bila shaka huyakuta katika insha zao mahali palepale ambapo shaka ni kubwa kuliko popote.)

Shaka na dhana wafanana kama pacha. Wote wawili husema, siamini. Huwezi kuwapambanua mpaka ulete ushahidi. Hapo mmoja hunyamaza akaangalia, na mwingine hugeuza uso.

Nitatoa mfano kutoka katika elimu, kwa sababu wengi hudhani kwamba wataalamu hawana udhaifu huu. Mnamo Desemba 1912 watu wa London walionyeshwa mabaki ya fuvu yaliyosemekana yamechimbwa Piltdown, katika jimbo la Sussex. Aliyeyaleta alikuwa mwanasheria mmoja mpenda mambo ya kale, Charles Dawson. Fuvu lilikuwa kubwa kama la mtu, na taya lilikuwa kama la sokwe. Wataalamu wengi wa Uingereza walifurahi, kwa kuwa ndivyo walivyotazamia: kwamba mtu wa kale alipata kwanza akili nyingi, ndipo mwili ukafuata, na kwamba jambo hilo lilitokea karibu na nyumbani kwao. Wachache walisema fuvu na taya havikutoka katika kiumbe kimoja. Hawakusikilizwa sana, na kwa miaka mingi waliotaka kuchunguza mara nyingi walipewa sanamu za plasta badala ya mifupa yenyewe.

Mwaka 1924 fuvu jingine lilipatikana Taung, Afrika Kusini. Lilikuwa la mtoto. Raymond Dart, aliyekuwa akifundisha Johannesburg, aliandika habari zake mwaka 1925: ubongo ulikuwa mdogo, lakini meno yalikaribia ya binadamu, na kichwa kilikaa juu ya shingo kama cha kiumbe aendaye wima. Huko London wakubwa wa elimu hiyo walisema ni sokwe mchanga tu. Nisiwaonee, sokwe mchanga hufanana na mtu kuliko sokwe mzima, na tahadhari yao ilikuwa na msingi. Lakini linganisha. Mifupa ya Sussex iliaminiwa upesi. Mifupa ya Afrika iliwekwa mlangoni zaidi ya miaka 20.

Mmoja wa wale waliotilia shaka alikuwa Wilfrid Le Gros Clark, profesa wa Oxford. Mwishoni mwa mwaka 1946 alifanya jambo rahisi ambalo wenzake wengi hawakulifanya: alisafiri mpaka Afrika Kusini, akaishika mifupa kwa mikono yake, siku baada ya siku. Alipotoka huko alikuja Nairobi, ambako mnamo Januari 1947 Louis Leakey alikuwa amekusanya mkutano wa kwanza wa bara zima juu ya mambo ya kale ya Afrika, akasimama mbele ya wataalamu akasema kwamba Dart alikuwa na haki. Mwaka huohuo Arthur Keith, mzee aliyekuwa miongoni mwa wapinzani wakubwa wa Dart, alitangaza kwa maandishi kwamba Dart alisema kweli na yeye alikosea. Kisha mwaka 1953 mifupa ya Piltdown ilipimwa. Taya lilikuwa la orangutangu, sokwe wa Asia. Meno yalikuwa yamesuguliwa kwa tupa. Mifupa ilikuwa imepakwa rangi ili ionekane ya kale. Le Gros Clark alikuwa mmoja wa watu watatu waliotangaza udanganyifu huo, pamoja na Joseph Weiner na Kenneth Oakley.

Huyo namwita Tomaso wa kweli. Shaka yake ilimtoa nyumbani. Ilimpandisha chombo, ikamvusha bahari, ikamfikisha mahali pa kutia kidole.

Katika maisha yetu ya kila siku tofauti hii huumiza watu. Katika shule moja ya bweni niliyofundisha miaka ya nyuma zilipotea shilingi 1,500 kutoka bwenini. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye ada yake ilikuwa ikilipwa kwa shida, alishukiwa kabla hakijaulizwa lolote. Sanduku lake lilifunguliwa, hapakuonekana kitu. Wenzake wakasema ameficha vizuri. Godoro likapasuliwa, hapakuonekana kitu. Wakasema ana mwenziwe wa nje. Alipolia walisema anajifanya, na alipoacha kulia walisema ana moyo mgumu. Jioni moja alinifuata, akaniuliza, "Mwalimu, ni kitu gani ambacho ningeweza kuwaonyesha, wakaamini?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa hapakuwa na kitu. Fedha zile hazikuonekana kamwe, na muhula ule ulipokwisha baba yake alikuja akamchukua pamoja na sanduku lake. Waliomshuku wangekasirika kuitwa Tomaso. Walijiona watu wa kuamini sana, kwa kuwa walikuwa wameamini jambo moja kwa nguvu zao zote.

Na mwenye shaka ya haki huonewa kwa upande mwingine. Mnamo 2006 na 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba zao katika ule mchezo uliojiita upatu. Upatu wa kweli ni jambo jema na la zamani. Watu wanaojuana huchanga, kila mmoja akapokea kwa zamu yake. Ule wa uwongo uliahidi kurudisha fedha mara mbili kwa muda mfupi, na waliotangulia kulipwa walilipwa kwa fedha za waliokuja nyuma yao, mpaka wageni wakaisha. Mtaani kwetu mwanamke mmoja mwuza mboga aliuliza swali moja tu: faida hii yatoka katika biashara gani? Aliambiwa, "Mama, acha kuwa Tomaso." Jina hilo lilikuwa kifungo cha mdomo. Hakutukanwa kwa kuwa alisema uwongo. Alitukanwa kwa kuwa swali lake halikuwa na jibu. Tangu hapo, nisikiapo mtu akiitwa Tomaso, hutazama kwanza ni nani anayeita, na ana nini cha kuuza. Mtu auzaye mbuzi mzima humtoa kwenye gunia.

Sasa nafika mahali pagumu, wala sitaki kupazunguka. Iko shaka iliyo halali na bado ikaumiza. Wale 10 hawakuwa wachuuzi. Walikuwa watu ambao Tomaso alikula nao, akalala nao njiani, na neno la watu kama hao lina uzito wake. Mtu akidai ushahidi kwa kila neno la nduguye, atakuwa amemwambia jambo zito bila kulitamka. Hatuwezi kuishi hivyo. Hakuna apandaye matatu akaomba kwanza kuonyeshwa breki. Imani, amana, amani na uaminifu ni maneno ya shina moja, na si ajabu. Ukiling'oa moja, mengine hutikisika.

Lakini hapa pia desturi zetu zina akili kuliko hasira zetu. Mtu akikopa fedha kwa rafiki yake, kisha akaombwa atie sahihi, mara nyingi hununa, akasema, "Kumbe huniamini!" Kumbe Kurani yenyewe yaamuru deni liandikwe na mashahidi wawepo, hata kati ya waumini, na wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi ile haisemi kwamba rafiki ni mwizi. Yasema kwamba kumbukumbu za watu huchakaa, na kwamba watu hufa kabla ya kulipa, wakaacha watoto wasiojua lolote. Kuandika ni kuulinda urafiki usije ukaulizwa mambo usiyoyaweza.

Na tena, fikiri juu ya mama. Wako mama wengi katika nchi hii waliowaambia watoto wao, "Kuleni, mimi nimeshiba," hali sufuria ilikuwa imekwanguliwa mpaka chini. Mtoto mdogo huamini, akala. Siku moja akikua huinuka, akaenda jikoni kimya kimya, akafunua kifuniko. Mtoto huyo hakumsadiki mama yake. Amekataa neno la mtu anayempenda kuliko watu wote, akaenda kutazama mwenyewe, akaona. Tumwite nani? Ukimwita mwenye dhana utakuwa umemsingizia. Na mwenye kuuliza kama alimvunjia mama yake heshima na atazame anachofanya baada ya kurudi mezani na sahani yake.

Tomaso mwenyewe alikwenda wapi baada ya siku ile? Maandiko hayamfuati mbali. Lakini Wakristo wa zamani wa Kerala, kusini mwa India, wana mapokeo kwamba alivuka bahari akafika pwani yao mwaka 52, akahubiri, na kwamba aliuawa Mylapore, katika mji ambao leo ni Chennai, mahali ambapo kaburi lake huzuriwa. Vasco da Gama alipotweka tanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, akavushwa na pepo zilezile ambazo majahazi yetu yalizitumia, alitua Calicut, katika pwani iyo hiyo, na jumuiya ile ilikuwa imekwisha kuwako huko kwa karne nyingi. Hujiita Wakristo wa Mtakatifu Tomaso. Huwapa watoto wao jina hilo kizazi baada ya kizazi, na mtu wa huko aitwapo Tomaso hugeuka akaitika, kama mtu aliyeitwa kwa jina la babu yake.